Gari Kuukuu na Deni la Shukrani

Msomaji wa hadithi za upelelezi huzoea mapema kwamba kila mpelelezi ana kitu chake. Sherlock Holmes ana kiko na fidla. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia wasomaji wa Kiswahili kwa kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, naye ana kiko chake, na kikitajwa tu tunamwona amekaa kimya, akili yake inakwenda mbio. Kwa kitu hicho kimoja mwandishi hutuonyesha tabia ya mtu bila ya kutuhubiria.

Wapelelezi wengi wa karne ya 20 walipewa magari, na aghalabu magari ya kale. Jambo hilo limenifikirisha kwa miaka mingi, kwa sababu nimeona kwamba ndani yake mna swali la maadili ambalo hatuliulizi waziwazi. Je, mtu anaweza kuwa na deni kwa chuma? Gari lililokubeba miaka 20, likakupeleka kazini, likampeleka mkeo kujifungua, linakudai chochote siku linapochoka? Au huo ni upuuzi wa watu wazima, kwa kuwa chuma hakina roho, hakijui kwamba kinapendwa wala hakilii kikiuzwa?

Tuanze na magari yenyewe. Lord Peter Wimsey, mpelelezi wa Dorothy Sayers aliyetokea kitabuni mwaka 1923, ni mtoto wa kikabaila wa Uingereza mwenye fedha kupita kiasi. Anaendesha Daimler kubwa isiyo na kelele, na ameipa jina la Mrs Merdle, jina lililotoka katika riwaya ya Charles Dickens. Inspekta Morse wa Colin Dexter, ambaye yeye ni polisi wa Oxford, anajulikana duniani kote kwa Jaguar Mark 2 nyekundu. Lakini katika vitabu vya mwanzo, kuanzia mwaka 1975, Morse alikuwa na Lancia. Filamu za televisheni zilipoanza mwaka 1987 alipewa Jaguar, watu wakaipenda, na mwandishi mwenyewe akaifuata filamu. Huko Florida, Marekani, Travis McGee wa John D. MacDonald, anayeishi katika mashua na kujipatia riziki kwa kuwarudishia watu mali zao zilizoibwa, ana Rolls-Royce ya mwaka 1936 ambayo mwenyewe wa zamani aliikata nyuma ikawa pikapu, kisha ikapakwa rangi ya buluu. McGee anaiita Miss Agnes, kwa kuwa buluu ile inafanana na nywele za mwalimu wake wa utotoni.

Nikiyatazama magari hayo naona kwamba mapenzi ya gari la kale si ya namna moja. Daimler ya Wimsey ni kama kanzu ya hariri: inatangaza nasaba ya aliyeivaa. Jaguar ya Morse inatuambia kwamba huyu ni mtu wa ladha ya zamani, mpenda muziki wa opera na ushairi, asiyeafikiana na zama zake. Miss Agnes ni mzaha, Rolls-Royce iliyofanywa mnyama wa mizigo, kana kwamba McGee anawacheka matajiri kwa kutumia mali yao. Katika yote matatu gari linamsemea mwenyewe, na hakuna hata moja linaloliuliza lile swali langu la deni.

Swali hilo nimelikuta linaulizwa kwa utulivu mkubwa katika vitabu vya mpelelezi wa nne, na huyo ni Mwafrika. Ni Precious Ramotswe wa Botswana, au Mma Ramotswe kama anavyoitwa, kwani kwa Kitswana mwanamke wa heshima huitwa Mma kama sisi tunavyosema Bi, na mwanamume huitwa Rra. Aliyemtunga ni Alexander McCall Smith, Mskoti aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948, ambaye miaka ya 1980 alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Botswana. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998, na tangu hapo vimefuata vingine zaidi ya 20.

Mma Ramotswe hakuanza na mengi. Baba yake, Obed, alikuwa mchimba madini katika migodi ya Afrika Kusini, vumbi la huko likamwharibia mapafu. Alipofariki alimwachia bintiye ng'ombe, na binti akawauza akanunua nyumba Gaborone na kufungua ofisi ya upelelezi chini ya kilima cha Kgale. Rasilimali ya ofisi hiyo ilikuwa meza, viti, simu, taipu ya zamani, vyombo vya chai, na gari dogo jeupe, kivani ambacho wengine wangekiita mkweche bila kupepesa macho. Mma Ramotswe ni mwanamke mnene, naye hujivunia unene wake kuwa ndilo umbo la asili la mwanamke wa Kiafrika. Kivani kimelipokea umbo hilo kwa uvumilivu, ila springi za upande wa dereva zimelemewa, hata gari linakwenda likiwa limeinama kidogo.

Mwanamke huyu analipenda gari lake. Halipendi kwa sababu ni zuri, wala hakuna anayegeuka barabarani kulitazama. Analipenda kwa sababu lilikuwapo. Limempeleka Mochudi alikozaliwa, limempitisha kwenye njia za vumbi ukingoni mwa Kalahari, limemngoja kivulini alipokuwa akisikiliza taabu za watu. Wazee wetu walikwisha kulisema jambo hili: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa, lakini ndio wako, umeulalia, unaujua. Msala upitao ni mzuri, ila unapita.

Nadhani si kwa bahati kwamba mwandishi amempa mapenzi hayo mwanamke mwenye historia kama ya Mma Ramotswe. Alipokuwa msichana aliolewa na Note Mokoti, mpiga tarumbeta mtanashati, mwanamume wa kung'ara aliyewavutia wanawake kila alikopiga muziki. Mtu huyo alimpiga, akamwacha, na mtoto waliyempata alifariki akiwa mchanga sana. Miaka mingi baadaye anakuja kuolewa na Bwana J.L.B. Matekoni, fundi makanika mwenye gereji, mtu mpole, asiye na maneno mengi, mwenye mikono ya grisi. Methali nyingine inasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mma Ramotswe alikwisha kuuguza kidonda cha namna hiyo. Kwa hiyo anapokataa kulidharau gari lake jeupe kwa kuwa limezeeka, naona anatumia hekima ileile iliyomfundisha kumchagua mume. Anayezoea kutupa kila kinachopoteza mng'aro, leo gari, kesho rafiki, kesho kutwa mzazi, mazoea hayo hayatajua mahali pa kukoma.

Basi hapo ndipo penye hoja ya kwanza ya kutetea gari kuukuu. Chuma hakina haki, nakubali, na mtu akivunja gari lake kwa shoka hatashtakiwa. Lakini shukrani ni tabia ya anayeshukuru, na tabia hujengwa kwa mazoezi, hata mazoezi ya vitu vidogo. Mkulima anayeosha jembe lake jioni na kulikausha halipi jembe mshahara. Anajilea mwenyewe.

Lakini msomaji mwenye busara atakuwa ameanza kunong'ona methali ya tatu: la kuvunda halina ubani. Kilichokwisha kuoza hakisaidiwi kwa kufukizwa manukato. Na kwa kweli hoja hii ni nzito kuliko wapenda magari wanavyopenda kukiri. Gari halikai sebuleni kama saa ya ukutani. Linakwenda barabarani kwenye watoto wa shule na wauza mahindi. Kamba ya breki iliyochakaa haimjui aliyeishika kwa mapenzi na aliyeishika kwa uzembe. Serikali zetu zimelitazama jambo hili kwa jicho hilo. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Anayevuta moshi wa injini iliyochoka ni yule anayetembea kwa miguu, ambaye hana gari jipya wala la zamani.

McCall Smith hakulikwepa jambo hili, na ndiyo sababu namheshimu. Katika kitabu cha mwaka 2009, Tea Time for the Traditionally Built, kivani cheupe kinaanza kutoa mlio mbaya. Mma Ramotswe anausikia, na anajua maana yake. Anajua pia kwamba mumewe, fundi hodari na mtu mkweli, akiusikia atasema gari limekwisha. Basi anafanya nini? Anamficha. Mwanamke huyu ambaye kazi yake ni kufichua yanayofichwa na wengine, ambaye ofisi yake yote imejengwa juu ya ukweli, anamficha mume wake ugonjwa wa gari. Anamwomba kijana mwanafunzi wa gereji, Fanwell, alitazame kwa siri. Kijana naye anaona kile ambacho fundi mkubwa angekiona.

Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikafikiri. Mwandishi ametuonyesha kwa mlio mdogo wa injini jinsi mapenzi ya kitu yanavyoweza kumtia mtu mwema katika uongo. Hakuiba, hakuua. Alinyamaza tu. Lakini tazama alivyotumbukia: amemficha mumewe, na amemtwisha kijana siri isiyo yake. Nafikiri hapo ndipo tunapoweza kupima mapenzi yetu kwa vitu. Ukiona unaanza kuwaficha watu unaowapenda habari za kitu unachokipenda, ujue kitu hicho kimepanda juu ya mahali pake.

Nitoe mfano wa karibu zaidi, nilioushuhudia nyumbani kwetu. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404 pikapu, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika mwaka 1974. Kwa gari hilo alipeleka machungwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini, na kwa machungwa hayo tulisoma sote. Wajukuu wa majirani wamezaliwa salama kwa sababu mama zao walifikishwa hospitali usiku ndani yake, na maiti nyingi zimefika makaburini juu ya mabati yake. Baba alipofariki mwaka 2009 gari lilibaki chini ya mwembe. Kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva.

Miaka minne baadaye tuliketi kulijadili. Kaka mkubwa alitaka litengenezwe, libaki kuwa kumbukumbu. Dada alikuwa amempata mnunuzi kutoka Nairobi, mtu anayekusanya magari ya kale, ambaye angelipaka rangi na kulipeleka kwenye maonyesho. Fedha alizozitaja hazikuwa haba, na dada alikuwa na mtoto aliyekuwa akidaiwa ada ya sekondari. Fundi tuliyemwita alilala chini ya gari kwa muda mrefu, akatoka akajipangusa, akasema chesisi imeliwa na kutu. "Kung'aa litang'aa," alisema, "lakini mtu msimpakie."

Dada akauliza swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu la kuniridhisha: "Shukrani kwa gari italipa ada?" Kaka akamjibu kwamba kuna vitu haviuzwi. Wakatazamana kwa namna ambayo sikuwahi kuwaona wakitazamana.

Mama alikuwa kimya wakati wote. Mwisho akasema, "Wanangu, baba yenu hakulinunua gari hili litazamwe. Kama haliwezi kubeba, basi liwafae wanaojifunza." Injini na giaboksi tukavipa chuo cha ufundi, vikafungwa juu ya stendi ya chuma, na vijana wakawa wanavifungua na kuvifunga, wanajifunza pistoni inavyopanda na kabureta inavyochanganya hewa na petroli. Chesisi na mabati yakachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ada ya mtoto tulichanga, kila mtu kwa uwezo wake. Kaka mkubwa hajakwenda kuitazama injini ile hata mara moja. Anasema tulimtupa baba mara ya pili. Simlaumu, wala sijui kama nina haki ya kumwambia amekosea.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu inanirudisha kwa Bwana J.L.B. Matekoni. Mkewe analipenda gari moja. Yeye anazipenda injini zote, na mapenzi yake nayaona yamekomaa zaidi. Anasikitika kwamba katika magari ya siku hizi fundi hatengenezi tena, bali anang'oa kifaa na kutia kingine. Anakwenda mara kwa mara kwenye makao ya mayatima kutengeneza pampu ya maji ambayo mtu mwingine angekwisha kuitupa, na hatozi chochote. Katika kitabu cha mwaka 2003, The Full Cupboard of Life, analetewa Rover 90, gari la zamani linalopendwa sana na mwenyewe, ambaye ni mchinjaji. Anapolichunguza anagundua kwamba gereji nyingine imekuwa ikimtoza mchinjaji huyo fedha nyingi na kumtilia spea zisizofaa. Fundi huyu mpole anakasirika kuliko tulivyomzoea.

Hasira hiyo inafundisha kitu. Mpenda gari kuukuu yuko mikononi mwa fundi kama mgonjwa alivyo mikononi mwa mganga. Hajui kilicho chini ya boneti, anaamini tu. Anayemlaghai hakuibi fedha peke yake. Amechukua uaminifu wa mtu kwa kitu chake akaufanya mtaji wa wizi. Na kwa upande wa pili, fundi anayekaza nati ambayo hakuna atakayeikagua anatimiza deni kwa watu wawili: kwa mwenye gari, na kwa mpita njia asiyemjua ambaye breki zile siku moja zitamsimamia. Kwa hiyo nikiulizwa kama tuna deni kwa chuma, jibu langu ni kwamba deni lipo, lakini mdai ni mwanadamu. Nyuma ya kila gari yuko aliyelibuni, aliyelijenga, aliyelitengeneza, aliyebebwa, na yule atakayekutana nalo kesho kwenye kona. Kumpenda huyu wa mwisho ndiko kunakotuambia lini tuseme basi.

Mma Ramotswe naye alifika kwenye basi yake. Siri ilifichuka, kama siri zifanyavyo. Kivani cheupe kikaondolewa, na mumewe akamnunulia gari jingine, la buluu. Lilikuwa gari zuri, halina mlio, halina ubaya wowote. Alilipokea kwa adabu, akalishukuru, na moyo wake ukabaki kwa lile la kwanza. Wapo watakaosema huo ni utoto. Mimi naona ni haki yake. Alikubali kushuka, hakumlaani aliyemshusha, wala hakulazimisha moyo usahau. Katika kitabu cha mwaka 2011, The Saturday Big Tent Wedding Party, mwandishi alimhurumia, au labda aliwahurumia wasomaji, akalirudisha lile gari jeupe likiwa limefanyiwa matengenezo. Katika hadithi mambo hayo huwezekana.

Sisi wengine tunaishi mahali ambapo chesisi iliyoliwa na kutu hairudi. Ukienda leo kwenye yadi yoyote ya vyuma chakavu utaona milango, fenda na usukani vimerundikwa hadi kimo cha nyumba, na kila kimoja kina mtu mahali fulani anayekumbuka kilivyokuwa siku kilipoletwa kwa mara ya kwanza, watoto wakikimbia nyuma yake. Kumbukumbu hiyo haihitaji rangi mpya wala ubani. Inahitaji tu kwamba gari lilipokuwa zima lilibeba watu kwa heri, na lilipochoka, mwenyewe alikuwa na moyo wa kulisimamisha kabla halijamdhuru mtu.